Uzito wa Kushuka

Injinia Cuthbert alitoka Masasi asubuhi na neno moja tu la kuwaambia wanakamati: bembea, gari lao la waya, isimame mpaka kifuku kiishe. Alilisema kwa upole, kikombe cha chai mkononi, na upole wake ndio uliomkera Mama Queen. Mtu akikunyang'anya kitu chako kwa ukali unaweza kugombana naye. Huyu alikuwa ananyang'anya huku anawasogezea wenzake sahani ya mihogo.

"Isimame mpaka lini?" aliuliza Mama Queen, ingawa alikuwa amesikia vizuri sana.

"Mpaka mvua zikatike, mama. Mawingu yamekaa wiki nzima, paneli hazipati jua, betri hazijai. Au basi tufunge mashine ya dizeli, tuachane na sola."

"Dizeli hatuitaki. Mashine ya kusaga ya bondeni ni ya dizeli, na sasa kuku wanaatamia juu yake. Dizeli yenyewe inabidi ipandiwe huku juu ikateremshwe kwa kichwa. Jua linakuja lenyewe."

"Ndiyo, mama. Ila wiki hii halijaja."

Jina la Mama Queen la ubatizo lilikuwa Dorika, alilopewa kwao Lulindi, lakini tangu amzae binti yake wa pekee hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa padri. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya bembea, na uenyekiti huo hakuupata kwa kupigiwa makofi. Aliupata kwa kuwachosha watu. Wakati mradi ulipokuja kuuliza nani anataka gari la kupanda kwa waya, wengine walicheka. Yeye alikwenda kila kikao, akaketi mbele, akauliza maswali mpaka wageni wakaanza kumwogopa. Mumewe alikuwa amekata roho kwenye machela katikati ya mwinuko, wanaume wakiwa wamesimama kubadilishana mabega. Tangu siku ile alikula kiapo kwamba hakuna mtu wake mwingine atakayepandishwa hospitali kwa mabega ya watu.

Basi gari lile likajengwa. Watu wa mradi waliliita gari la kamba, wenyeji wakaliita bembea, na jina la mradi likabaki kwenye kibao. Yalikuwa mabehewa mawili ya bati na vioo, yaliyoning'inia kwenye waya mnene kutoka kijiji cha Nambunda bondeni hadi ukingo wa uwanda, upande wa Mkunya. Moja likipanda, lingine linashuka, yanapishana katikati. Umeme ulitoka kwenye paneli za sola zilizofunika paa la kituo cha juu. Chini ya kila behewa palifungwa tanki: linajazwa kwenye chemchemi ya Nambunda, likifika juu linafunguliwa kwenye simtanki la shule, kwa maana huku juu ukichimba kisima utachimba mpaka ukutane na wajukuu zako. Watu wa juu walikuwa wamepata maji na watu wa bondeni walikuwa wamepata njia ya hospitali.

"Lakini si mawingu peke yake," Injinia Cuthbert aliendelea. "Nimeangalia mashine. Behewa linapanda limejaa, lenzake linashuka tupu. Hapo ndipo betri inapokwisha. Lingeshuka na watu, uzito wao ungelivuta la chini lipande, mota ingepumzika, na mara nyingine ingerudisha umeme kidogo kwenye betri. Nimewauliza watu kwa nini hawashuki nalo. Wananiambia kushuka kwa miguu ni rahisi. Hata bibi mmoja mwenye mkongojo ameniambia hivyo hivyo."

Wanakamati wote walianza kuitazama meza, kana kwamba imeandikwa kitu. Sababu waliijua. Ila haikuwa sababu ya kumwambia mgeni.

Sababu ilikuwa mabenchi. Ndani ya kila behewa mlikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana, goti kwa goti. Aliyeyachora bila shaka alikuwa mtu mwema, ila hakuwahi kuoa Nambunda. Bondeni na juu wameoana miaka na miaka. Ukitupa jiwe katika foleni ya bembea utampiga mkwe wa mtu. Na mkwe hatazamwi. Mama mkwe akimwona mkwewe njiani, mmoja anaacha njia. Hawali pamoja, hawaitani majina, wakiwa na la kuambiana wanalipitisha kwa mtu wa tatu. Sasa utamketisha wapi mama wa watu, magoti yake na ya mume wa bintiye yagusane, huku wananing'inia hewani hakuna pa kukimbilia? Wakati wa kupanda mtu alisubiri zamu nyingine, kwa kuwa mwinuko ule hauna mchezo. Wakati wa kushuka hakuna aliyesubiri. Akimwona mkwewe kwenye foleni, alijitia amesahau kitu, akajifunga kanga kiunoni, akashika njia ya miguu.

Mama Queen mwenyewe alikuwa hivyo hivyo, tena zaidi. Mkwewe Erasto, kijana wa Mnyambe, alikuwa ameolea Nambunda, akajenga hatua chache kutoka mlangoni kwake, na ndiye aliyekuwa fundi wa kituo cha bondeni. Mwenyekiti na fundi walikuwa wakiiendesha bembea moja bila kuwahi kutazamana usoni. Mama akifika kituoni, Erasto alihamia nyuma ya mashine. Taarifa zote zilipita kwa Queen, na Queen alikuwa amechoka kuwa simu ya watu wawili wanaokaa uwanja mmoja.

Mama Queen alijua kuwa akisema, aibu ya kijiji kizima itamwagika mezani mbele ya mgeni. Na asiposema, bembea itafungwa. Alifungua mdomo. Simu yake ikaita.

Alikuwa nesi wa zahanati ya Nambunda. "Mama, usishtuke. Queen uchungu umemshika tangu alfajiri, na njia haifunguki. Mapigo ya mtoto siyapendi. Anatakiwa upasuaji, na gari la wagonjwa haliwezi kuvuka korongo, limejaa maji. Erasto ameshambeba, wako njiani kuja kwenye bembea."

Tangu alfajiri. Na asubuhi ile ile Queen alikuwa amemuaga mama yake akicheka, mkono kiunoni, akimwambia nenda mama usikose kikao chako. Mama Queen alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake, naye hakukiokota. Hofu ilimshika, na juu ya hofu ikaja hasira, na hasira ndiyo iliyomtoa mlangoni.

Kituo cha bembea kilikuwa hatua chache tu. Mahmudu, fundi wa juu, alikuwa ameinamia kisanduku cha betri.

"Shikamoo, Mama Queen."

"Marahaba. Betri ikoje?"

"Nyekundu, mama. Nikilipandisha la bondeni na watu ndani, halafu hili la huku lishuke tupu, itakata njiani."

"Basi halitashuka tupu."

Chini ya paa la kituo walisimama watu wa Nambunda waliokuja juu kwa shughuli zao, wakiikwepa mvua ya rasharasha kabla ya kushika njia ya miguu. Mzee Uwesu, mfanyabiashara wa mpunga, mtu wa mwili hasa, alisimama mwisho wa kulia akitazama ukuta. Mwisho wa kushoto alisimama Bi Kibibi, mama mkwe wake, akitazama ukuta mwingine. Katikati yao walijibanza wengine wachache, na Mama Queen aliwajua wote, nani mkwe wa nani.

"Ingieni kwenye behewa," alisema. "Wote."

Hakuna aliyesogea. Mtu mmoja alikohoa. Bi Kibibi alianza kupapasa kikapu chake kama mtu aliyesahau kitu dukani.

Hapo Mama Queen alimgeukia Injinia Cuthbert, aliyekuwa amemfuata mbio na karatasi zake. "Injinia, uliuliza kwa nini hawashuki. Hawa ni wakwe. Yule pale ni mkwe wa huyu. Mabenchi yenu yanawatazamisha, na sisi mkwe hatumtazami. Mimi mwenyewe sijawahi kupanda behewa ambalo mkwe wangu yumo. Ndiyo maana betri yako haina kitu. Umesikia?"

"Nimesikia, mama," alisema Cuthbert polepole. Hakucheka, na Mama Queen alimpenda kidogo kwa hilo.

Kisha akawageukia wenzake. "Mwanangu yuko chini, na atafia chini mkiendelea kutazama kuta. Heshima zenu sitazivunja. Nitazitundika."

Alivua kanga ya begani, akaingia ndani ya behewa, akaifunga katikati kutoka nguzo hadi nguzo mpaka ikawa pazia. "Wanawake upande huu, wanaume ule. Atakayechungulia namjua."

Mzee Uwesu ndiye aliyeanza. Aliingia kinyumenyume, kisogo mbele, kama mtu anayeingiza ng'ombe zizini kwa mkia, akaketi nyuma ya pazia na benchi likalia. Wengine wakamfuata. Bi Kibibi aliingia wa mwisho, kanga imefunika uso mpaka pua. Injinia Cuthbert akampa dereva wake maagizo amsubiri mgonjwa hapo hapo na kumkimbiza hospitali ya Newala, kisha naye akaingia, yeye na mkoba wake. "Na mimi nina kilo zangu," alisema. Mama Queen aliingia akasimama kwenye dirisha la mbele.

Simu kutoka bondeni ikamwambia Mahmudu kwamba wako tayari. Akasukuma mkono wa mashine, behewa likaachana na ukingo, ardhi ikaondoka chini yao.

Walishuka polepole. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mikorosho ya bondeni, na waya mbele yao uliingia ndani ya ukungu na kupotea. Mama Queen alishika chuma cha dirisha kwa mikono miwili. Hakuomba kwa maneno marefu. Alisema tu moyoni, si huyu, si kwenye mwinuko huu, na akarudia hivyo hivyo.

Behewa la bondeni likatokea. Lilikuja kama lilivyokuja siku zote, dogo, kisha kubwa, na ndani yake akamwona Queen amelala kwenye benchi, kichwa kwenye mapaja ya nesi, na Erasto amepiga magoti sakafuni amemshika mkono. Mabehewa yakakaribiana, yakawa sambamba, dirisha kwa dirisha. Kisha yakatikisika na kusimama.

Upepo tu ulisikika kwenye waya. Simu ya Mama Queen ikaita.

"Mama, betri imekata," alisema Mahmudu. "Breki zimejifunga zenyewe. Naweza kuzifungua kwa mkono, uzito ufanye kazi. Lakini la kwao ni zito kuliko lenu. Nilikuwa naona mota inavyohangaika. Nikifungua, nyinyi mtarudi juu, na Queen atarudi chini."

Zito vipi? Kule walikuwa watatu. Huku walikuwa behewa zima, pamoja na Mzee Uwesu, ambaye peke yake alitosha wawili. Mama Queen aliinama, akatazama chini ya behewa la pili, na akaona. Tanki. Lilikuwa limejaa hadi mdomo, likidondosha matone pembeni.

Alielewa mara moja, na moyo ukamuuma. Erasto hakusahau. Fundi hawezi kusahau. Lakini Erasto alizaliwa Mnyambe, juu, na mtoto wa juu hulelewa akijua kwamba maji hayamwagwi. Alioga maji ya kikombe. Alimwona mama yake akirudi alfajiri na ndoo kichwani kutoka makorongoni, na siku aliyoangusha kibuyu alichapwa mpaka jirani akaja kumwombea. Tanki alilijaza asubuhi, na alipofika amembeba mkewe, akili yake haikufika kwenye koki. Mtu wa bondeni angeshayamwaga bila kufikiri. Yeye mkono wake haukwenda.

Mama Queen alifanya kwanza kama anavyotakiwa. "Bi Kibibi, mwambie huyo baba afungue koki ya tanki."

Bi Kibibi akatoa uso kidogo nje ya kanga, akapaza sauti dirishani. "Wewe baba, unaambiwa ufungue koki, umwage maji."

Erasto hakuinua kichwa. Alijua ni nani amesimama nyuma ya sauti ile, akaweka macho sakafuni kama mkwe mwema. "Mwambieni mama," alijibu, "maji haya ni ya watoto wa shule. Simtanki lao ni kavu tangu juzi. Mwambieni Mahmudu ajaribu kuwasha tena."

"Anasema maji ni ya shule," alisema Bi Kibibi, kana kwamba Mama Queen alikuwa kiziwi.

Queen akaguna, mguno mrefu wa chini, na nesi akamtazama Mama Queen kupitia vioo viwili kwa macho yasiyohitaji mtu wa tatu.

Mama Queen akafungua dirisha lote, akatoa kichwa na mabega nje, mvua ikampiga usoni.

"Erasto."

Nyuma ya pazia Mzee Uwesu alivuta pumzi kwa nguvu. Mama mkwe kumwita mkwewe jina lake, mbele za watu, tena kwa mdomo wake mwenyewe, hakuwahi kulisikia. Erasto alizidi kuinama.

"Erasto mwanangu. Niangalie."

Kijana akainua kichwa. Walitazamana. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi, na Mama Queen akashangaa kwamba miaka yote hii amekula mihogo aliyoilima mtu huyu, na hakuwa anajua kwamba ana kovu. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa mtoto tu aliyeogopa, na yeye, mama mtu mzima, alikuwa amemwacha aogope peke yake kwa ajili ya adabu.

"Maji nitakuchotea mimi," alimwambia. "Mimi ni mtu wa bondeni, najua yanakotoka. Nitalijaza tanki hili kwa mikono yangu, wala shule haitakosa. Mwaga, mwanangu."

Erasto aliuachia mkono wa mkewe. Akainua kifuniko cha sakafu, akashika koki kwa mikono yote miwili, na akaifungua kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe. Maji yakatoka. Yalianguka mkupuo mweupe kuelekea kwenye vichaka vya mwinuko, mbali sana chini, na kwa muda kila mtu katika mabehewa yote mawili alisahau kila kitu akayatazama yakienda.

"Astaghafiru," alisema Mzee Uwesu nyuma ya pazia. Alikuwa amechungulia.

Tanki lilipobaki na matone, Mama Queen akaweka simu sikioni. "Mahmudu. Fungua."

Breki zikalia. Behewa lilitulia kidogo kama linalofikiri, kisha likaanza kushuka, na lile lingine likaanza kupanda. Mama Queen alimwona Erasto akirudi kwa magoti na kuushika tena mkono wa Queen, kisha akaona soli za viatu vya nesi kwenye kioo cha sakafu, kisha hakuona kitu ila ukungu. Hapakuwa na umeme wowote ulioyaendesha. Ulikuwa uzito tu, watu wa Nambunda wakishuka nyumbani kwao.

"Mota inarudisha chaji," alisema Mahmudu kwenye simu, kwa sauti ya mtu asiyeamini. "Taa imeanza kuwa ya njano."

Injinia Cuthbert alikuwa amebanwa kati ya Uwesu na ukuta. "Nilijua itarudisha," alisema. "Sikujua itarudisha siku kama hii."

Na hivyo Mama Queen akafika chini, na binti yake akafika juu. Aliketi kwenye ngazi za kituo cha bondeni, mvua inamnyeshea, asiwe na la kufanya, na hilo lilikuwa gumu kuliko yote aliyoyafanya siku ile. Bi Kibibi aliketi naye.

Simu ilipoita ilionyesha jina la Queen, lakini sauti ilikuwa ya mwanamume.

"Mama," ilisema, kisha ikajikaza. "Mama, ni Erasto. Wote wazima. Ni mtoto wa kike."

Mama Queen alilia hapo hapo kwenye ngazi, bila kujificha, na Bi Kibibi akamfuta uso kwa ncha ya kanga yake.

Kesho yake jua lilikuwa bado halijatoka kwenye mawingu. Injinia Cuthbert, aliyelala Nambunda kwa kukosa namna, alikuwa amefuta kauli yake kabla hata ya uji: bembea iendelee, kifuku chote, kwa sharti moja, kwamba mabenchi yafunguliwe yageuzwe, mgongo kwa mgongo. Mzee Uwesu alitoa spana zake mwenyewe.

Mama Queen alishika mpira wa maji kwa mikono yake mpaka tanki likafurika, kama alivyoahidi, kisha akaingia ndani na kikapu cha nguo za mtoto. Akampigia Mahmudu.

"Betri inatosha?"

"Haitoshi, mama, na hilo tanki lako limejaa. Lakini uzito wa kushuka upo. Mkweo ametafuta watu tangu alfajiri, amewapanga mwenyewe mmoja mmoja, na yeye amesimama mbele. Queen amemtuma nyumbani akachukue sufuria ya uji."

Behewa likanyanyuka. Lilipofika katikati, lile lingine lilikuja limejaa watu wa Mkunya bega kwa bega, na kwenye dirisha la mbele alisimama Erasto. Hakwenda nyuma ya mtu yeyote. Alifungua kioo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimelijaza."

"Nimeona," alisema Erasto.

Hawakusimama. Yeye akaendelea kushuka, na kwa kushuka kwake, mama mkwe akapanda kwenda kumwona mjukuu.